Kisogo cha Gentil

Adélaïde aliwajua watu wa Kadutu, mtaa wao pale Bukavu, kwa visogo vyao. Usicheke. Mwanamke aliyesuka nywele tangu usichana wake, amesimama nyuma ya kiti kutwa nzima kando ya soko, atakujuaje kwa uso? Ulikutana naye kwenye ngazi za mtaa, ukamsalimu, akakuitikia kwa adabu zote huku hana habari wewe ni nani. Ulipompita na yeye akageuka, ndipo alipopiga kelele: "Eh! Mama Ulrich! Kumbe ni weye?" Watu walimcheka mpaka wakachoka, na yeye alicheka nao. Aliona hakuna ubaya wowote. Uso unaweza kudanganya, alisema, lakini hakuna anayejua kudanganya kwa kisogo.

Kichwa alichokijua kuliko vyote kilikuwa cha mwanawe Gentil. Alimzaa huyo mmoja tu, bila ndugu wa kumfuata, akamnyoa kwa mkono wake tangu nywele za kwanza za uchanga mpaka wiki ya harusi yake. Hata baada ya kuoa, Gentil alikuwa akija Jumapili na wembe mfukoni, anakaa kwenye kibao uani, anainamisha shingo bila kusema neno. Mkewe Elodie alikuwa akiwacheka wote wawili.

Halafu Gentil akaenda Mwenga kutafuta dhahabu, kama vijana wengine walioona mji hauna kazi. Mvua kubwa ikanyesha, udongo wa shimo ukashuka juu yake. Wenzake walichimba mpaka wazee wa pale wakawakataza, maana kilima kilikuwa bado kinatembea na kingemeza wengine. Habari ilikuja kwa simu ya Elodie. Hakuna maiti iliyopanda gari kurudi Bukavu, hakuna hata kiatu. Jioni hiyo hiyo Adélaïde alimnyoa mkwewe nywele zote, kama mila inavyotaka kwa mjane, na wembe ulikuwa ule ule wa Jumapili.

Sasa, katika ukoo wao mtu ambaye mwili wake haukuonekana haachwi hivi hivi. Unakatwa mugomba, shina la ndizi lenye urefu wa mtu, unavishwa nguo zake, unafungwa shuka nyeupe, unaitwa kwa jina la marehemu, unazikwa. Hapo ndipo matanga yanapokwisha. Mpaka hapo mjane hatoki kwenda sokoni, hasuki nywele, havai rangi, hawezi kurudi kwao. Analala kwenye godoro lililowekwa chini sebuleni, naye ni mke wa mtu ambaye hayupo juu ya ardhi wala chini yake.

Jean-de-Dieu, baba mdogo wa Gentil, aliuleta mugomba kutoka Kabare kwa pikipiki, umefungwa nyuma ya dereva kama abiria mwenye usingizi. Wanaume wakaulaza kwenye mkeka, wakauvisha shati la Gentil la bluu na suruali yake ya harusi. Kisha wakamwita Adélaïde, kwa sababu kitambaa cha kichwani hufungwa na mama.

Alipiga magoti. Mikono yake ikaenda yenyewe pale ilipozoea kwenda, juu ya kola, ikatafuta. Ikateleza. Shina lilikuwa laini na baridi, sawasawa tangu chini mpaka juu, na maji yake yakamlowesha viganja.

"Kichwa iko wapi?" akauliza.

Wanaume wakatazamana. Jean-de-Dieu akainama taratibu. "Mama Gentil, huu ni mugomba. Mugomba haina kichwa."

"Basi huyu hapana mutoto yangu."

"Shemeji, tunajua hapana yeye. Ni mila tu, tufunge kilio."

"Mutafunga kilio ya nani? Mutu asiye na kisogo?" Akasimama, akaifuta mikono kwenye kitenge. "Siziki hii kitu. Munizike mimi kwanza."

Walimbembeleza mpaka jua likageuka. Adélaïde hakuwa mtu wa makelele, na ndiyo maana ukaidi wake uliwatisha. Mwishowe Jean-de-Dieu, ambaye alikuwa mtu mwema na alikuwa na njaa, akainua mikono juu. "Basi mutengenezee kichwa weye mwenyewe. Ikiisha, utaniita, nitaleta mugomba ingine." Alisema vile kama mtu anavyomwahidi mtoto mwezi ili anyamaze. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke aliyevuka miaka sitini, ambaye hajawahi kushika chochote kigumu kuliko kitana, angeyachukua maneno yale jinsi yalivyo.

Uani kulikuwa na mti wa avoka ulioanguka mvua zilipokata kipande cha mteremko. Vipande vyake vilikuwa vimepangwa ukutani vingoje kuwa kuni. Kesho yake Adélaïde alichagua kimoja chenye unene wa kichwa, akakiweka mapajani, akaanza kukikwangua kwa kisu cha jikoni. Siku ya pili alikwenda kuomba patasi kwa seremala wa jirani. Nyundo hakuwa nayo, akachukua mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo.

Alianzia nyuma, maana hakujua pengine pa kuanzia. Alifumba macho, akakipapasa kile kipande cha mti, akajiuliza: wembe ulikuwa ukipita wapi? Ulikuwa unashuka vizuri kutoka utosini, kisha unafika kwenye tuta dogo upande wa kushoto na pale lazima uinue mkono. Basi akaliacha tuta. Chini yake palikuwa na shimo la kutosha kidole gumba, ambamo povu la sabuni lilikuwa likibaki kila mara. Akalichimba lile shimo. Kisha mistari miwili ya shingo, wa juu mrefu kuliko wa chini. Alipopitisha kidole tena, moyo ukamlipuka. Alikuwa yeye. Alikuwa Gentil, ameinamisha shingo, anasubiri.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo Adélaïde mwenyewe hakumwambia mtu. Alifurahi. Katikati ya msiba wake, akiwa na nguo nyeusi na macho yaliyovimba, alipata raha ambayo hakuwahi kuijua: si siku ya ndoa yake, si siku aliyojifungua. Kila ganda la mti lililoanguka lilimwonyesha mahali pa kupiga tena. Alisahau kula. Alisahau kusali rozari. Aliamka asubuhi na kabla hajakumbuka kwamba mwanawe amekufa, alikuwa ameshakumbuka kwamba ana kazi ya kufanya. Kisha lile la kifo lilimfikia, likamchoma mara mbili.

Habari haikukawia kuenea. Georgette, jirani yake na kiongozi wa shirika lao la parokia, alikuja siku moja kumletea unga, akakuta kichwa kimekaa dirishani kinakauka, kimegeuzia mgongo mlango. Mama wa watu akaweka unga chini, akapiga ishara ya msalaba, akapiga goti, akasali Baba Yetu nzima.

"Ni Mutakatifu gani huyu, Adé?"

"Ni Gentil."

"Gentil gani?"

"Wangu. Ule alikuwa nakunywa pombe ya kasiksi kwako na hakulipa."

Georgette aliinuka haraka, amekasirika kidogo kwa Baba Yetu iliyopotea. Lakini aliporudi kwake alisimulia, na akina mama wa shirika wakaja mmoja mmoja kutazama, na hakuna aliyecheka. Walisimama nyuma ya kile kichwa wakainama wenyewe. "Iko napumua," alisema mmoja. Adélaïde alisikia maneno yale, akayaweka moyoni, akayarudia kimoyomoyo kama msichana aliyesifiwa.

Uso ulimpa taabu. Picha za simu ya Elodie zilimsaidia paji la uso, zikamsaidia pua. Lakini picha haina nyuma, alilalamika, na haishikiki. Hata hivyo uso ulitokea, polepole, kama mtu anayegeuka anaposikia anaitwa. Mvua zikaisha. Vumbi la kiangazi likafika, ziwa likaonekana jeupe kati ya mabati. Jean-de-Dieu akapiga simu.

"Kichwa imefika wapi, mama Gentil?"

"Bado masikio."

Akapiga tena baada ya wiki kadhaa.

"Masikio imeisha?"

"Moja."

Sikio gani hilo lisiloisha? Ukweli ni kwamba masikio yalikuwa yamekwisha zamani. Alikuwa akiyalainisha tu, kwa kipande cha chupa, kisha kwa jani gumu, kisha kwa kiganja chenye mafuta ya mawese. Alikuwa akipiga chenga. Kwa sababu siku ambayo kichwa kingekwisha, kingefungwa shuka na kutiwa shimoni, naye angebaki na nini? Kwa hiyo hakuchonga mdomo. Aliacha pale chini ya pua mti mtupu, na kila asubuhi alijiambia kwamba leo patasi haina makali.

Na Elodie alikuwa ndani. Hilo ndilo baya lenyewe, na Adélaïde alilijua, akajifanya hamnazo. Msichana yule alikuwa bado na damu yake yote. Kaka yake alikuwa na duka Kalehe, alimwitia kazi, akangoja, akaita tena, na siku moja alisema atamtafuta mtu mwingine. Elodie hakunung'unika. Alipika, alifua, alikaa kwenye godoro lake na nguo nyeusi ambayo kiangazi kilikuwa kimeifanya ya kijivu. Mwanzoni alikuwa akitoka uani kutazama kazi. Siku hizi alibaki ndani na mlango alikuwa akiusindika.

Asubuhi moja mlango huo ulifunguka. Adélaïde alikuwa ameketi kibaoni, kichwa mapajani.

"Maman," Elodie akasema, "ulikuwa naimba."

"Mimi?"

"Niko nakusikia kila siku. Unaamka, unakamata ile kitu, unaimba." Sauti yake haikupanda. "Mimi ndani niko nalia bwana yangu, na weye huku inje unaimba. Nilisema nitavumilia. Ni mama yake, alimuzaa. Lakini maman, niambie tu ukweli. Ile kichwa inaisha ao haiishe?"

Adélaïde alitaka kusema masikio. Neno lilifika kwenye ulimi, likamwonea aibu.

"Mudomo," akasema. "Siwezi mudomo."

"Hauwezi ao hautake?"

Chini ya mtaa mtu alikuwa akiwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Sitake," Adélaïde akasema, na machozi yakamshuka bila uso kubadilika. "Nikifanya mudomo, banamubeba kumuzika. Elo, mutoto yangu, nimekutesa. Najua. Nilikuwa naona vile unalala chini, na nikapita. Lakini huyu hapa niko namushika. Hii mikono haijawahi kujua kitu kama hii. Nimezeeka, njo nimepata kitu ya kufanya mu dunia, na ni kifo ya mutoto yangu ilinipa. Nitafanya aje?"

 Labda Elodie alikuwa na maneno makali, na angekuwa na haki nayo. Lakini alikuja, akaketi chini kwenye maganda ya mti, akageuza kile kichwa kimtazame. Ilikuwa mara ya kwanza kukishika. Akakitazama muda mrefu.

"Mama, mudomo yake hauijue kweli."

"Kwenye foto iko nacheka kila siku. Meno tupu."

"Ile ni ya foto." Elodie akafumba macho, akaweka vidole viwili chini ya pua ya mti. "Akiwa amenyamaza, hapa juu inapanda kidogo. Upande huu. Ule ingine hapana. Na ya chini ilikuwa minene, na katikati kulikuwa na kamustari, kama imepasuka na baridi. Hata kama haiko baridi."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Apana, umepita. Hapo."

Walifanya kazi hivyo, mmoja akipapasa na mwingine akikata, mkono wa kijana ukitangulia patasi na kujiondoa.  Mama alijifunza mdomo wa mwanawe kutoka kwa mwanamke aliyeubusu, na hakuna kati yao aliyeona haya. Mchana ulipofika Adélaïde alipuliza vumbi la mwisho. Gentil alikuwa amenyamaza mbele yao, mdomo umepanda kidogo upande mmoja, kama alivyokuwa akinyamaza alipochoka.

Elodie alitoa sauti moja tu, fupi, akaliegemeza paji lake la uso kwenye lile la mti.

"Piga simu kwa Jean-de-Dieu," Adélaïde akamwambia.

Sasa usimsifu Adélaïde haraka. Ni kweli aliridhia, lakini aliridhia kwa hila. Usiku ule, huku Elodie amelala, aliwaza vipande vya avoka vilivyobaki ukutani na moyo wake ukatulia. Mikono si imeshajua? Tuta la kushoto, shimo la kidole gumba, mistari miwili, na sasa hata mdomo. Wamchukue huyu. Msichana awe huru, ukoo uridhike. Nitachonga mwingine Jumatatu, alijiambia, na huyo hataombwa na mtu.

Ndiyo maana siku ya maziko, kule Kabare kwenye shamba la ukoo, hakulia. Jean-de-Dieu alikuwa ameleta mugomba mpya, na wanaume walitoboa tundu juu yake, wakakipachika kichwa kwa kijiti. Wakamvisha shati la bluu. Alipolala pale mkekani, wajomba waliokuwa wakipiga gumzo la soka walinyamaza ghafla, na mzee mmoja akavua kofia. Adélaïde alipiga magoti, akafunga kitambaa. Safari hii mikono yake haikuteleza.

"Gentil!" Jean-de-Dieu akaita juu ya shimo, na sauti ikamkatika. "Gentil, kuya. Kuya kwenu. Nyumba yako njo hii."

Udongo ulipoanza kuanguka, Elodie alilia mpaka akashikwa na wanawake wawili. Watu walimtazama Adélaïde, macho makavu, wakasema kwa sauti ya chini kwamba yule mama ana roho ngumu, au kwamba kilio kimemwisha. Yeye alikuwa akiwaza juu ya patasi, kama imepata makali ya kutosha.

Nywele za Elodie zilikuwa zimeota kiasi cha kushikika. Jumapili Adélaïde alimkalisha kwenye kibao, akamsuka mistari midogo midogo iliyolala, kazi yake nzuri kuliko zote. Elodie alivaa kitenge cha manjano. Alipolichukua begi lake alisema, "Nitakuya kukusalimia, maman," na wote wawili walijua jinsi Kalehe ilivyo karibu na jinsi mtu asivyokuja. Adélaïde alimsindikiza mpaka penye gari. Alisimama akitazama kisogo kile dirishani mpaka gari lilipokata kona.

Jumatatu alikunja mikono ya blauzi, akachagua kipande cha mti kizuri kuliko cha kwanza, akaanza.

Ilikwenda vizuri. Ilikwenda vizuri mno. Mikono haikusitasita kama zamani, patasi ilikula mti kama kisu kinavyokula ndizi mbivu, na ile raha ikarudi yote, mpaka akajikuta anaimba na hakuna wa kumsikia. Alifumba macho asiiharibu kazi. Utosi ukashuka, shingo ikatokea, imara, yenye mshipa mmoja uliosimama. Jua lilipofika juu ya paa aliweka mchi chini na kupitisha kidole, akitafuta lile tuta la kushoto.

Hapakuwa na tuta. Akarudi juu, akashuka tena. Kidole gumba kikatafuta shimo lake, kikapita moja kwa moja. Akafikiri ameharibu, akafikiri ni kisogo cha Elodie, aliyesukwa jana, akakigeuza kile kichwa kwenye mwanga. Si Elodie. Akavipitia visogo vyote alivyowahi kuvishika, wake wa sokoni, watoto wa komunyo ya kwanza, maharusi, wafu wawili watatu. Hakimo. Kilikuwa kichwa kizima, chenye uhai, kizuri kuliko kile kilichozikwa, na kilikuwa cha mtu ambaye hajawahi kumwona.

Alinyakua kipande kingine. Akafumba macho kwa nguvu, akajaribu kumwita Gentil kwenye vidole: wembe ulikuwa ukipita wapi? Aliyajua maneno. Kushoto, tuta, chini, shimo. Lakini yalikuwa maneno tu sasa, kama anasimuliwa na mtu mwingine. Vidole vilikuwa vimemweka mzima katika ule mti wa kwanza, vikamkabidhi, na havikubakiza akiba.

Yowe alilolitoa lilisikika mpaka ngazi za chini. Wanawake waliacha sufuria motoni wakaja mbio, Georgette mbele yao, kanga inadondoka, akidhani nyumba imeshuka na mteremko. Wakamkuta amekaa kwenye maganda ya mti, miguu imenyooka mbele yake kama anavyokaa mama siku ya msiba.

"Adé! Kuko nini? Nani amekufanya?"

"Gentil amekufa," akasema.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo amkumbushe, na Georgette akamkanyaga mguu. Kisha akaketi chini kando yake, akamshika bega, akaanza kulia kwa sauti kubwa kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi, na wengine wakamfuata. Adélaïde alilia nao mpaka jioni. Kichwa cha yule mtu asiyejulikana kilikuwa bado mapajani mwake, na patasi hakuwa ameiweka chini.